Namna ya kulisoma eneo kabla hujachora bustani ya umma (kwa sisi wa Mbeya, Iringa na jirani)

Bustani nyingi za umma huku kwetu hazipewi kiwanja kizuri. Kiwanja kizuri kinaenda kwenye soko, stendi na nyumba, alafu kile kipande kilichobaki chenye korongo katikati au mteremko ambao hakuna fundi anautaka ndo kinaandikwa kwenye ramani ya mipangomiji kwamba ni eneo la wazi, miaka inapita, siku moja kikao kinasema tuweke bustani pale. Mi sioni ubaya, sehemu kama hizo zikisomwa vizuri zinatoa bustani nzuri kuliko uwanja tambarare, ila lazima zisomwe, na zisomwe kabla mchoraji hajagusa karatasi. Mara nyingi inakuwa kinyume, mchoro unakuja umeshapakwa rangi, benchi hapa, bembea hapa, kibanda cha chai pale, ndo mpimaji anaitwa aje aoneshe vinakaa wapi. Mvua za kwanza zikipiga, bembea ziko ndani ya maji.

Kazi yangu ni kupima na kusoma maeneo, kwa hiyo naweka hapa namna ninavyofanya, kwa yeyote aliyekabidhiwa eneo, awe afisa wa halmashauri, mwanafunzi au kamati ya mtaa. Vifaa ni vya kawaida tu: simu yenye GPS, tepu ndefu, mambo (vile vigingi vya kupiga ardhini) na nyundo, mpira wa maji ule unaoonekana ndani, jembe, sururu, chepe, chupa tupu, vipimajoto viwili na daftari la kuandikia kwa penseli maana wino ukilowa umepoteza kazi. Buti za mvua pia. Ukiwa na droni vizuri, ukikosa kazi inaenda.

Hatua ya 1: Anzia juu ya eneo

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, huko unaweza kurudisha picha za miaka ya nyuma. Chora mpaka wa eneo alafu pitia picha moja moja, uone korongo lilikuwa na upana gani zamani na sasa, nyumba zilianza lini kujengwa juu yake, na wapi panabaki kijani mwezi wa kumi wakati kila kitu kimekauka. Hiyo kijani ya mwezi wa kumi iwekee alama, karibu kila mara chini yake kuna maji.

Kisha tafuta ramani ya kontua (mistari inayoonesha kimo cha ardhi) ya 1:50,000 inayotolewa na Wizara ya Ardhi. Kwa bustani ya ekari chache haitoshi, utakuja kupima mwenyewe, lakini inakuonesha kitu ambacho ukisimama saiti hukioni, yaani maji yanayoingia kwenye eneo lako yanatoka wapi. Fuata vilele na migongo ya vilima uchore duara la sehemu yote inayomwaga maji kuja kwako. Unaweza kukuta bustani yako ni ndogo lakini inapokea maji ya mtaa mzima na upande mmoja wa mlima, na hapo ujue unapanga njia ya maji kwanza, bustani baadaye.

Kwa Mbeya hili sio jambo la kusoma kwenye vitabu. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba kule Itezi. Watu walikuwa chini, shida ilianzia juu. Kwa hiyo kama eneo lako liko mguuni mwa mlima, panda huko juu kwa miguu uangalie kama kuna nyufa ardhini zinazokata mteremko kwa upana, miti iliyoinama shina chini ikajinyoosha juu, chemchemi mpya mahali ambapo hapakuwa nayo, au mteremko uliofyekwa karibuni. Ukikuta vitu hivyo viwili vitatu kwa pamoja usiendelee mwenyewe, omba mtu wa jiolojia aje.

Hatua ya 2: Wenyeji kabla ya tepu

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, alafu umuombe akupeleke kwa wazee waliokaa pale muda mrefu. Shikamoo yako itangulie, kaa, usitoe daftari haraka. Na maswali yawe ya kitu kinachoonekana. Ukiuliza "mzee, hapa huwa panafurika?" utajibiwa hapana, maana mtu anafikiri unataka kumhamisha. Uliza hivi: "Mzee, ile mvua ya El Nino ya 97 na 98, maji yalifika mti upi?" Hapo anasimama anakuonesha kwa fimbo, na wewe unapiga mambo palepale. Kina mama waulize mwezi wa kumi bomba likikauka wanachota wapi. Wenye bustani za mboga waulize wapi mboga inaungua kwa baridi mwezi wa saba. Watoto waulize wapi wanateleza na wapi kuna nyoka, watoto hawafichi.

Uliza pia kama kuna kaburi, mti au jiwe ambalo watu wanaliheshimu. Pale Iringa jiwe la Gangilonga kila mtu analijua, lakini kuna sehemu nyingi ndogo ambazo hazimo kwenye ramani yoyote na zinajulikana na ukoo mmoja tu, ukiweka choo cha bustani hapo mradi umekufa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Maji, na hapa usiwe na haraka

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu katika zote hizi, fanya hii. Huku mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kama Novemba zinaenda hadi Aprili au Mei, alafu ukame mrefu. Eneo ulilolisoma Agosti ni nusu ya eneo. Korongo kavu la Agosti unaweza kulivuka na ndala, Machi ni mto. Na hata ndani ya mkoa mmoja mvua hazifanani, Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, Mbeya mjini inapata kama nusu ya hapo, Iringa mjini chini zaidi, kwa hiyo usichukue mchoro wa mtaro wa sehemu moja ukaupeleka nyingine eti kote ni nyanda za juu.

Nenda saiti wakati mvua inanyesha. Najua watu wanakimbilia kibarazani, wewe vaa koti utembee. Simama kwenye mpaka wa juu uangalie maji yanaingilia wapi, mara nyingi sio pale korongo lilipo tu, yanaingia kutoka kwenye kalavati ya barabara, kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili, kwenye bati za shule. Kila mlango wa maji piga picha, chukua GPS, andika rangi yake. Maji mekundu au ya kahawia yanabeba udongo wa mtu huko juu na yatakuja kujaza bwawa lako. Maji meusi yenye povu ni ya sabuni na vyoo, hayo yaandikwe kwa herufi kubwa maana watoto watayachezea. Maji maangavu yanayotoka ardhini hata mvua ikikatika siku kadhaa ni chemchemi, na chemchemi ni mali.

Mvua ikiisha rudi utafute alama kabla hazijafutika: majani yaliyolala yanaelekeza mkondo ulikoenda, takataka zilizonasa kwenye vichaka zinakuonesha maji yalipanda kimo gani (pima kutoka chini hadi kwenye taka ya juu kabisa), mstari wa tope kwenye ukuta, mizizi iliyobaki uchi. Angalia hasa kichwa cha korongo, pale linapoanzia kwa juu. Kama kuna ukingo uliokatika wima na udongo mbichi, korongo linatembea kupanda, kila msimu linakula kipande. Piga mambo mbili nyuma ya ukingo, pima umbali kwa tepu, mwisho wa mvua pima tena. Namba hiyo ina nguvu kwenye kikao kuliko maneno yoyote utakayosema.

Na kuna suala la sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwenye kipande chembamba cha mjini mita 60 kila upande inaweza kumaliza eneo lote, na watu wanakata tamaa wakisikia hivyo. Mimi naona kinyume. Hiyo ndo sababu inayowafanya wanaotaka kugawa viwanja wakose hoja, kinachobaki kuruhusiwa ni miti, nyasi na vitu vyepesi, yaani bustani yenyewe. Lakini usijiamulie kipi ni chepesi, nenda ofisi ya bonde, wale wanaosimamia maji ya mito na maziwa, uulize: Bonde la Ziwa Rukwa wako Mbeya, Bonde la Rufiji wako Iringa, Bonde la Ziwa Nyasa wako Tukuyu. Muulize na afisa mazingira wa halmashauri kama mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

Hatua ya 4: Mteremko

Hii inaenda haraka. Mpira wa maji wa mafundi unatosha: jaza maji, hakikisha hakuna mapovu, mtu mmoja anasimama juu mwingine chini kila mmoja na mti ulioandikwa sentimita, mnasoma, mnatoa. Mfano umbali wa kulala ni mita 20 na tofauti ya kimo ni mita 1.4, gawanya 1.4 kwa 20 zidisha kwa 100, ni asilimia 7. Rudia kwenye mistari inayokata eneo kutoka juu kwenda chini, kila mita 20, na palipo na mabadiliko ongeza vipimo.

Sasa namba hizo zinasema nini. Asilimia 1 hadi 2 ni uwanja wa mpira na sehemu za mikusanyiko, chini ya 1 maji hayatoki, yanatuama. Njia ambayo mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto na mzee wa mkongojo wanapita bila shida isizidi asilimia 5, na rampu fupi isizidi 8 hivi. Ikifika 15 unahitaji ngazi au njia ya kuzungusha. Ikipita 30 achia miti na majani marefu, usikate matuta makubwa ukamwaga kifusi chini, kwenye udongo wetu wa majivu ya volkano hiyo ni kutengeneza maporomoko kwa mkono wako.

Hatua ya 5: Udongo

Chimba mashimo ya mita moja kwenda chini, angalau moja kwenye kila aina ya sehemu uliyoiona: mgongoni, katikati ya mteremko, bondeni, na pale majani yanapobadilika rangi. Safisha ukuta mmoja wa shimo kwa kisu usome tabaka moja moja. Maeneo ya Mbeya na Rungwe utakuta udongo mweusi mwepesi juu, alafu tabaka la vipande vyepesi vyenye matundu, yale mawe ya kusugulia miguu, yaliyorushwa na volkano za Rungwe na Ngozi zamani hizo. Andika tabaka hilo liko kina gani na unene gani. Maji yanapita humo upesi sana kuliko udongo ulio chini yake, kwa hiyo kwenye mteremko yanateleza humohumo pembeni yakatokea mahali hukutegemea, na udongo wa juu nao unaweza kuteleza hapohapo. Msingi wa jukwaa au tenki la maji usikae juu ya tabaka hilo bila injinia kuliona.

Iringa ni habari nyingine, udongo mwekundu na mwamba wa graniti karibu, wakati mwingine chepe linagonga jiwe nusu mita. Tembea na nondo unaichoma kila hatua kadhaa uandike inapogoma, maana mti mkubwa hauoti kwenye udongo wa kiganja kimoja. Ukishuka Usangu unakutana na ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika, huo unavunja njia za zege.

Kipimo cha mkono: lowesha udongo, ukande, uminye kati ya dole gumba na kidole uutoe kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5 una mchanga au tifutifu, ukifika 5 unaelekea mfinyanzi, ukipita 5 ni mfinyanzi kweli. Kipimo cha chupa nacho kinajulikana, theluthi udongo, maji, sabuni kidogo ya unga, tikisa, mchanga unalala dakika moja mbili, vumbi laini saa kadhaa, mfinyanzi hadi kesho yake. Ila angalizo kwa watu wa Mbeya na Rungwe: udongo wa majivu ya volkano unadanganya kwenye chupa, chembe zake zinagandana hazitaki kuachana, unaona mchanga mwingi wakati mfinyanzi umejificha humo. Ukiuminya mkononi ukahisi kama una mafuta, alafu ukizidi kuuminya unatoa maji, amini mkono, chupa iache.

Kupima unavyonyonya maji, chimba kashimo ka sentimita 30 upana na kina, jaza maji yaishe, jaza tena ndo uanze kuhesabu. Chini ya sentimita 1 kwa saa, hapo maji yatalala juu, panafaa majani ya tope na sio sehemu ya kukaa. Kati ya 2 na 8 ni pazuri. Zaidi ya 15 miche yako itakufa kwa kiu mwezi wa tisa kama huna mpango wa kumwagilia.

Peleka sampuli maabara kwa ajili ya tindikali na virutubisho. TARI Uyole, wale wa utafiti wa kilimo, wako hapahapa Mbeya wanaujua udongo wa huku, au chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro. Udongo wa volkano una tabia ya kuishika fosforasi isifike kwenye mizizi, kwa hiyo ukiona miche imedumaa na majani yana zambarau usikimbilie kusema ni baridi.

Kama shimo lako linatoa mifuko ya plastiki, chupa, vifusi, basi hapo palikuwa dampo. Acha kuchimba kwa mikono. Panaweza kuwa na vioo na sindano, weka alama mpaka wake na wahusika wa afya wajulishwe.

Hatua ya 6: Baridi, jua na upepo

Watu wengi wanaruka hapa kwa sababu miongozo mingi imeandikwa na watu wa joto, ushauri wake wote ni kivuli kivuli kivuli. Huku Juni na Julai mtu anatafuta jua. Funga kipimajoto kimoja sehemu ya chini kabisa ya eneo na kingine juu, urefu wa kifua, soma kabla jua halijatoka asubuhi kadhaa za Juni au Julai. Baridi inatiririka chini usiku inatuama bondeni, tofauti unaweza kuikuta ya nyuzi kadhaa ndani ya eneo moja. Njombe na Makete hapo chini ndo inapolala sakitu inayounguza majani, kwa hiyo kitalu cha maua na sehemu ya watoto wadogo zipande juu kidogo.

Jua: sisi tuko kusini mwa ikweta, Mbeya kama nyuzi 9, hivyo Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa Mbeya mjini ni upande wa mlima Loleza. Mti wa mita 10 adhuhuri ya Juni unatupa kivuli cha mita 6 hivi kwenda kusini. Desemba jua linahamia kusini kidogo na kivuli hichohicho kinakuwa kama mita 2 na nusu kwenda kaskazini. Maana yake ukipanda mstari wa miti isiyopukutika kaskazini ya benchi zako, umewanyima watu jua mwezi ambao wanalihitaji. Na ukipima kivuli cha adhuhuri Mbeya usipime saa sita kamili, kwa saa zetu jua linafika juu kabisa karibu saa sita na dakika 45.

Upepo, funga vitambaa vyepesi kwenye miti mirefu kwenye kona na katikati, andika mwelekeo asubuhi, mchana, jioni. Kiangazi unatawala wa kusini-mashariki lakini milima inaupindisha kila sehemu kivyake. Agosti na Septemba angalia vumbi linatoka wapi, na moto pia, kama jirani kuna pori linalochomwa kila mwaka acha ukanda usio na majani makavu.

Hatua ya 7: Vilivyopo tayari

Kila mti wenye unene zaidi ya sentimita 10 kwenye usawa wa kifua upate namba, jina, hali yake na GPS. Usikate kwanza, hesabu kwanza. Mivengi na mikuyu ikiwa imejipanga mstari inakuonesha maji, hiyo iache ilivyo. Milingoti kando ya chemchemi inakunywa sana, hiyo andika itolewe polepole huku ukipanda ya asili chini yake, ukiitoa yote mara moja ukingo unabaki uchi.

Majani na maua rudi uyaangalie wakati wa mvua. Fikiria Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa sababu ya maua yake: ukipita kiangazi unaona nyasi za kahawia tu, maua yako chini ya udongo yanasubiri. Hata kwenye kipande kidogo cha mjini chenye nyasi za tope unaweza kuwa na okidi za porini, na ukipitisha greda kiangazi hutajua umeua nini. Ndege wahesabu alfajiri. Mizinga na makundi ya nyuki yaandikwe mahali yalipo.

Hatua ya 8: Weka tabaka juu ya tabaka

Chora ramani moja ya mpaka, alafu kila somo karatasi yake ya treseni, ile nyepesi inayoonesha kilicho chini yake: maji, mteremko, udongo, baridi na jua, miti. Kwenye kompyuta programu ya ramani ya QGIS inafanya hivyo bure. Kila karatasi tumia rangi tatu, nyekundu usiguse, njano guse kidogo, nyeupe unaweza kujenga. Zilalishe pamoja kwenye kioo cha dirisha. Palipo peupe kwenye zote ndo choo, kibanda na jukwaa. Palipo na nyekundu moja tu, iwe ya maji au ya mteremko, panabaki pekundu hata kama karatasi nyingine zote ni nyeupe, msipige kura hapo.

Kwa mchoraji mpelekee hiyo ramani, picha za mvua na jedwali la miti. Kwa madiwani peleka ukurasa mmoja wenye picha mbili, Agosti na Machi, mahali palepale, na namba ya mita korongo lilizokula. Na hesabu muda wako vizuri: mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1 na bajeti inaandaliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mambo za kwanza zipigwe Oktoba, ule mwezi wa kijani kinachobaki, ili mvua ikukute tayari uko saiti, na ukurasa wa madiwani uwe na namba za mvua za kweli hata kama baridi ya Juni utaiongeza baadaye.